AC ya mama inajazwa gesi kila baada ya miezi miwili: tuitengeneze au tununue nyengine?

Swali: Assalaamu alaykum fundi. Chumbani kwa mama yangu hapa Mazizini, karibu na bahari, tuna AC ya 12000 (BTU, kipimo cha nguvu ya kupoza), ina miaka 12 sasa. Toka mwaka jana fundi kaijaza gesi mara tatu, kila akijaza inapoza mwezi mmoja na nusu, miwili, inaacha. Sasa inamwaga maji kitandani, Tukuza (yuniti zetu za umeme) inakwenda mbio, na juzi imekataa kabisa, ile ya nje inaunguruma kidogo halafu kimya. Fundi kasema kompresa imekufa tununue nyengine. Mama ana presha na joto la kaskazi hili halali usiku. Tufanye nini?

Jibu: Waalaykumu ssalaam dada yangu, na mama mfikishie salamu na pole zangu, mtu mzima mwenye presha kukosa usingizi na joto hili si jambo dogo. Kwanza kabla ya yote kitanda kiondoeni chini ya AC leo leo na muizime kwenye breka yake, si kwa remoti, mana remoti inailaza tu, umeme bado umo ndani na maji yanapita mle mle. Na msiijaribujaribu kuiwasha kila saa mkitaraji itashika. Ule muungurumo mfupi halafu kimya ni kompresa, ile pampu ya gesi iliyomo mashine ya nje, inataka kuanza inashindwa, na kila ikishindwa inapata moto zaidi, mnaweza kukiua kitu ambacho pengine bado ki hai.

Sasa tuje kwenye mashine. Fundi wenu simjui na sitaki kumsema vibaya, lakini kuna neno nataka ulishike kuliko yote nitakayoandika hapa: gesi ya AC si petroli. Haichomwi, hailiwi, haiishi kwa kutumika. Inazunguka tu ndani ya mabomba, inatoka ya nje inakuja ya ndani inarudi, na ile iliyotiwa siku ya kwanza ndiyo ingekuwemo mpaka leo baada ya miaka 12 kama mabomba ni mazima. Kwa iyo mtu akikwambia gesi imepungua, maana yake kuna pahala inatoka, na akiijaza bila ya kupatafuta pahala penyewe basi amekuuzia mwezi mmoja na nusu wa baridi, kama ulivyoona mwenyewe mara tatu. Pesa ya hizo mara tatu ingetosha kulitafuta tundu na kuliziba, na hili ndilo linaloniuma kila nikisikia habari kama yako, na nazisikia sana, Unguja na kwetu Pemba.

Wewe umeniandikia matatizo manne, gesi, maji, umeme na kompresa. Mie kwa nilivyokusoma nayaona ni ugonjwa mmoja umetembea. Tizama. Gesi ikipungua, presha ndani ya koili ya chumbani (yale mabomba yaliyokunjwa yanayopoza hewa) inashuka, na presha ikishuka koili nayo inazidi kuwa baridi. Kama AC yenu ni ya gesi ya R22, na kwa umri huo yaweza kuwa ndiyo, geji ya presha ikisoma chini ya psi (kipimo cha presha) 57 au 58 koili inafika digrii sifuri, na hewa yetu hii ya pwani ilivyojaa unyevu, yale maji yanayotakiwa yadondoke kwenye trei yanaganda pale pale kwenye mapezi, zile bati nyembamba za koili, yanakuwa barafu. Barafu inaziba njia ya hewa, chumba hakipozi, mnaona AC "imechoka". Halafu mkiizima au ikijizima ile barafu inayeyuka kwa mkupuo, trei haiwezi, yanamwagika kitandani. Wakati huo huo chumba kwa kuwa hakifiki baridi mliyoitaka kompresa haipati kupumzika hata dakika, inapiga usiku kucha, hapo ndipo Tukuza inapokimbia. Na kompresa inategemea gesi inayopita ndani yake iichukulie joto lake, gesi chache na kazi mfululizo maana yake inachemka, na joto hilo ndilo linaloua kapasita (kikopo cha kuiwashia, nitakieleza chini) na mwisho linaua na kompresa yenyewe. Yote hayo kwa tundu ambalo pengine dogo kuliko ncha ya sindano.

Tundu limetoka wapi? Mazizini, karibu na bahari, miaka 12. Chumvi, dada yangu. Mabomba ya koili ni ya shaba na mapezi yake ni alumini, na metali mbili hizi zikigusana penye maji ya chumvi zinalana, alumini inaanza kuwa unga mweupe, ukiyagusa mapezi kwa kidole yanavunjika kama biskuti. Kama mashine ya nje mmeifunga upande unaotazama baharini basi inapulizwa chumvi mchana na usiku. Nenda kaiangalie mchana, kwa nyuma, kule kwenye mapezi, uone yana hali gani. Kama bado yamesimama na yana rangi, habari njema. Kama yamepukutika na chuma cha chini kimelika mpaka unaona ndani, basi hata tundu hili likizibwa mengine yako njiani.

Lakini pia pana pahala pepesi zaidi, na fundi yeyote aanze hapo: zile nati za shaba kwenye mashine ya nje, pale yanapoungwa mabomba. Vuja nyingi ninazozikuta kwenye mashine za zamani ziko pale, mtetemo wa miaka umezilegeza au aliyefunga hakuutanua mdomo wa bomba sawasawa. Huhitaji hata kuwa fundi kulishuku, kwani gesi inapotoka hutoka na mafuta ya kompresa kidogo kidogo, kwa iyo ukiona nati ina mafuta meusi yaliyoshika vumbi jua pana kitu. Povu la sabuni ya vyombo lipakwe pale wakati mabomba yana presha, likitoka mapovu ndo penyewe.

Kama nati ni nzima, kazi inakuwa kubwa kidogo na hapa ndipo utamjua fundi. Anatakiwa autie mfumo naitrojeni, aufunge, auache masaa kadhaa, ikibidi mpaka asubuhi, aone geji imeshuka au haikushuka, halafu alifuate tundu kwa povu, ndani na nje. Naitrojeni, si oksijeni ya kuchomelea, nasema hili kwa mkazo mana oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa inaripuka na inaua, na mtu asiye na mtungi wa naitrojeni anaweza kukwambia ni zote hewa tu. Si zote. Akishaziba avute hewa yote kwa pampu ya vakyumu nusu saa au zaidi, afunge, atizame geji haipandi, ndipo atie gesi. Wengi wanaruka hatua ya pampu wanaachia gesi kidogo itoke wanasema wamesafisha bomba. Unyevu unabaki mle, unachanganyika na mafuta unageuka asidi, na kompresa inakufa polepole kwa kitu ambacho hakuna atakayekiona.

Sasa kompresa "iliyokufa". Hapa niko na wewe kabisa, usinunue kitu kwa neno hilo peke yake. Muulize fundi, kwa heshima tu, umepima nini? Mana muungurumo mfupi halafu kimya ni dalili ya kapasita kabla haijawa dalili ya kompresa. Kapasita ni kile kikopo ndani ya mashine ya nje kinachoipa kompresa nguvu ya kuanzia, kina namba, kwa AC ya 12000 mara nyingi ni 30, 35 au 40 maikrofaradi hivi, na kinaruhusiwa kupungua asilimia 5 tu kwa kawaida. Cha 35 kikipimwa kikasoma 28 kompresa inaweza kuunguruma tu isizunguke, halafu ovalodi (swichi ya kuikinga na moto) itaikata, ukisubiri masaa mawili ikapoa itaunguruma tena. Kapasita ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na kompresa, na kukibadilisha ni dakika chache. Ila usikiguse mwenyewe dada, wala kijana wa nyumbani asikiguse, kinaweka umeme ndani yake hata breka ikiwa imezimwa.

Nakwambia hili kwa sababu nimewahi kulifanya kosa hilo. Nilikuwa bado kijana kwenye kazi, mzee mmoja wa Kikwajuni AC yake ikaunguruma ivo ivo nikamwambia kompresa basi, akatoa pesa tukatia nyengine. Ile ya zamani nikenda nayo kibandani, jioni nikaifunga kapasita mpya kujaribu, ikazunguka kama jana ndo imetoka dukani. Usingizi sikupata. Asubuhi nikarudi kwake nikamueleza na nikamrejeshea pesa ya kompresa kidogo kidogo mpaka ikaisha. Toka siku ile sisemi kompresa imekufa mpaka nimepima kapasita, nimepima nyaya za ndani za mota kwenye zile ncha zake tatu na hesabu yake imetimia, yaani ile kubwa iwe sawa na mbili ndogo kuzijumlisha, na nimepima kama umeme hauvuji kwenye ganda la kompresa. Vipimo vitatu. Kama fundi wenu amevifanya na mota imekatika au inavuja, basi kweli imekufa na simpingi.

Na kipimo kingine kinachosahauliwa, umeme wenyewe. Mie kazi nilijifunzia Pemba enzi za umeme wa majenereta ya Wesha, kabla ya waya wa baharini kutoka Tanga wa 2010, na bwana aliyenifunza alikuwa hashiki bisibisi mpaka apime volti za ukutani. Tabia hiyo imenisaidia mpaka leo, na wa Unguja nao wanaokumbuka ile miezi mitatu ya giza, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, wanajua majenereta yalivyoviumiza vyombo vya watu. Sasa hali si ile, toka 2013 Unguja ina waya mwengine wa megawati 100, lakini jioni mtaa mzima ukiwasha kwa pamoja, na nyumba ikiwa mbali na transfoma au waya wa ukutani mwembamba, volti zinashuka chini ya 200 na kompresa ya zamani inaweza isianze. Mwambie apime saa mbili za usiku, si saa nne asubuhi.

Maji ya kitandani, nimesema barafu inaweza kuwa sababu, lakini ya kawaida zaidi ni mpira wa kutolea maji kuziba. Kwa unyevu wa Unguja AC ya 12000 inaweza kutoa lita moja na zaidi kwa saa, na mle kwenye trei panaota utelezi kama wa mtungini, unashuka kwenye mpira unakamata. Nje nako mdomo wa mpira unafanywa nyumba na nyigu. Fundi aupulize au auvute, aoshe trei na lile gurudumu la kupulizia hewa, ambalo kwa miaka 12 kama halijaoshwa limejaa ukungu mweusi na mama ndiye anayevuta hiyo hewa usiku kucha. Hiyo harufu ya kitambaa kibichi mnayoisikia mkiwasha, kama mnaisikia, ndiyo hiyo.

Hesabu ya umeme ni hii, uifanye mwenyewe. AC ya kawaida ya 12000 isiyo inveta (ile inayopunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka) inakula kama kilowati 1.1 kompresa ikiwa inazunguka. Ikiwa nzima, usiku wa masaa 9 kompresa inapumzika theluthi hivi, mnatumia yuniti 6 au 7. Isipopumzika kabisa ni 10. Tofauti ya yuniti 3 kila usiku, karibu 90 kwa mwezi, na chumba bado joto. Na remoti iwekeni 25 au 24, kuiweka 16 hakuharakishi baridi hata kidogo, kunaiambia kompresa isisimame tu.

Sasa la kuamua. Tafuta kibandiko ubavuni mwa mashine ya nje, soma aina ya gesi. Ikiwa imeandikwa R22, jua kwamba gesi hiyo inatoboa tabaka la ozoni na dunia imekubaliana kuiacha, ni mambo ya ule mkataba wa Montreal wa 1987, na nchi kama yetu zinapunguza kuiagiza hatua kwa hatua mpaka 2030 ibaki ya marekebisho kidogo tu. Maana yake kwako ni kwamba kila mwaka itakuwa adimu zaidi na bei itapanda, na iliyo adimu huchakachuliwa. Kwa iyo mie ningeamua hivi: vuja ikiwa kwenye nati na kompresa ikawaka kwa kapasita mpya, tengenezeni, hata kama ni R22, itawapa miaka mengine na pesa ni ndogo. Vuja ikiwa kwenye koili ya nje iliyoliwa na chumvi, au kompresa imekufa kwa vipimo, msitie hata senti, nunueni nyengine. Kompresa mpya kwenye koili iliyooza ni kutia maji kwenye pakacha, na hapa ndipo namuunga mkono fundi wenu hata kama njia aliyofikia sikuipenda.

Kuna jambo moja msikubali asilani: mtu aje akwambie R22 haipatikani natia gesi ya kupikia, inapoza vizuri. Inapoza kweli, nami nimeshakuta nyumba za watu zimetiwa. Lakini mashine ile haikuundwa kwa gesi inayowaka moto, ikivuja usiku chumbani kwa mtu aliyelala, cheche moja ya swichi inatosha. Na gesi hazibadilishwi kama mafuta ya kupikia, mashine ya R22 haitiwi R410A wala R32, gesi za mashine mpya, presha zao ni kubwa mno, pale R22 inapofanya kazi kwa psi 65 zile zinataka 110 na kupanda.

Mkifikia kununua, chagueni ya inveta yenye R32 ya kiwango kile kile, kama chumba ni cha mita 4 kwa 4 hivi 12000 inatosha, kubwa zaidi mtapata baridi ya ghafla na unyevu hautoki. Inveta haizimi na kuwaka kama ya zamani, inapunguza mwendo, usiku mrefu kama wa mama ndipo faida yake inaonekana. Ila bodi zake ni laini, wekeni gadi ya AC inayokata umeme ukishuka au ukipanda na kuchelewesha kuwasha dakika chache umeme ukirudi. Ulizeni koili ya shaba na mapezi yaliyopakwa rangi ya kinga. Zile used kutoka Dubai zinazoshushwa kwa bei ya kutamanisha mie sizipendi kwa nyumba ya pwani, zimeshafanya kazi kwenye joto kubwa kuliko letu, zikaja kwenye chumvi yetu zimechoka.

Na hiyo mpya, au hii ikipona, mashine ya nje msiifunge tena upande wa bahari kama nyumba ina upande mwengine, na muimwagie maji mapezi yake kila mwezi, imezimwa kwenye breka, kwa mpira wa kawaida usio na nguvu. Maji ya mfereji tu. Kama mna kisima na maji yake yana ladha ya chumvi, kama visima vingi vya pwani, msiyatumie, mtakuwa mnaipaka kile kile mnachotaka kukiosha. Filta za ndani kila wiki mbili, zinachomoka kwa mkono, maji na sabuni, zikauke kivulini. Tundu zote kwenye boksi la waya la nje zizibwe mana mjusi anaingia kutafuta joto, analala juu ya bodi, anaungua yeye na bodi pamoja, na kazi hiyo naipata kila mwezi.

Kwa hiyo akija fundi, huyu wenu au mwengine (vijana wa chuo cha Mafunzo ya Amali Mwanakwerekwe na wa chuo cha Karume Mbweni nimefanya nao kazi, wengi wanajua kupima), mwambieni chupa ya gesi aiache kwanza kwenye gari. Aanze na volti, halafu kapasita, halafu ncha tatu za kompresa, halafu povu kwenye nati. Pengine saa moja haifiki mtakuwa mnajua. Na ukipata nafasi nitumie picha mbili, kibandiko cha ubavuni na mapezi ya nyuma kwa karibu, mchana penye mwanga. Nikiyaona mapezi nitakwambia kwa uhakika zaidi kama kuna cha kuokoa.